Ndimu Juu ya Jiwe

Nilirudi Micheweni likizo ya kwanza
na daftari la jiolojia, kurasa arubaini zimejaa,
nikamkuta mama machimboni, pale pale,
kakalia gunia, mguu mmoja kaunyoosha,
jiwe kalizungushia kipande cha mpira wa baiskeli
lisimrukie machoni.

Nikasema: Mama, unajua unachokiponda?
Akasema: Kokoto.
Nikasema: Hapana. Wanyama.
Akaiangalia nyundo, akaniangalia mie,
akaendelea kuponda.

Nikaikata ndimu ya mchuzi wake wa mchana,
nikaikamua juu ya jiwe lililopasuka sasa hivi.
Likachemka. Povu dogo, jembamba,
kama la mtoto anayeota meno.
"Hiyo chokaa," nikasema, "ni magamba ya viumbe
waliojenga chini ya maji juu ya maiti wenzao,
mtoto juu ya mzazi, mjukuu juu ya mtoto,
mpaka bahari, miaka laki na robo iliyopita,
ikajivuta, ikawaacha juani."
"Bila ya sanda," akasema mama.
"Bila ya sanda."
Akaninyang'anya ile ndimu. Ilikuwa bado ina maji.

Yeye hana daftari. Ana sikio.
Hugonga mara moja: jiwe likilia *ti*, ni la zege;
likisema *du*, limeoza ndani, la kujazia shimo.
Likiwa na mshipa unaong'aa, mimi naandika kalsaiti,
yeye huita meno ya jiwe,
na anajua hapo nyundo hupita bila ya kubisha hodi,
daima kwa mshazari uleule.
Ukurasa wangu wa kumi na saba
unasema jambo hilohilo, ila kwa maneno marefu.

Usiku, kizingitini, alikuwa anasugua visigino
kwa jiwe la kijivu, matundu matupu
kama mkate wa kumimina.
Nikaruka. Nikaomba beseni. Nikalitia: likaelea.
"Hili silo la hapa! Hili lilikuwa moto,
limetapikwa na mlima huko mbali,
povu la mwamba, likaganda lina pumzi ndani,
likasafiri miezi, pengine miaka,
bila ya nahodha wala pasi."
"Nililiokota Tumbe," akasema, "mwaka uliozaliwa.
Nilijua ni mgeni. Jiwe la hapa huzama."

Basi nikampa habari kubwa, niliyoiweka akiba:
kwamba ardhi haijatulia, ni maganda yanayosukumana
taratibu kama kucha inavyokua;
kwamba Unguja juzijuzi tu ilikuwa bara,
mtu angevuka kwa miguu, na chui wakavuka;
lakini sisi, baina yetu na bara pana ufa,
kina chake mita mia nane,
ulipasuka kabla mtu hajaitwa mtu.
Ndiyo maana chui hakutufikia.
Tukabaki na popo, aliyekuja na mbawa zake.

Jiwe likasita juu ya kisigino.
"Kwa hiyo kutengwa," akasema, "hakukuanza na sisi."
Akacheka peke yake,
kicheko kikavu, chenye vumbi.

Asubuhi likaja gari la Mbarouk.
Kokoto hupimwa kwa ndoo, ndoo huhesabiwa kwa sauti,
na sauti ya dereva huwa kubwa kuliko ya mwenye mali.
Kabla ya kumimina ya mwisho
mama akatia mkono, akachopoa kipande kimoja
chenye vinyota vidogo, vimejipanga
kama tundu za kofia ya kushona kwa mkono.
Akakipuliza. Akakifunga kwenye pindo la kanga.
"Huyu hauzwi," akasema.

Huyu.
Sikumsahihisha.

Kisha akakaa, akachukua tena nyundo,
maana ndoo ilikuwa imepungua kokoto moja
na Mbarouk alikuwa ameshaona.